Acas: inakufaa kwa lipi mwajiri akikupunguza kisha akakupa kazi nyingine

Kwa anayefanya kazi Uingereza, barua ya kupunguzwa kazini mara nyingi hufuatwa na nyingine: kuna nafasi katika idara ya pili, au katika kampuni dada, je, unaitaka? Wengi huijibu harakaharaka, wengine kwa hasira, bila kujua kwamba jibu hilo ndilo linaloamua kama malipo ya kupunguzwa yaliyotajwa katika barua ya kwanza yatalipwa au yatafutika. Huduma ambayo kila mtu atakutajia ni Acas, chombo cha umma cha ushauri na usuluhishi wa masuala ya kazi. Kinahudumia England, Scotland na Wales, na hakitozi chochote. Walioko Ireland Kaskazini waanzie kwa Labour Relations Agency, ambayo ndiyo yao.

Tathmini hii inaipima Acas kwa jambo hilo moja tu. Kwa kanuni na tarehe, sioni huduma ya bure inayoizidi. Kwa swali linalowanyima watu usingizi, yaani niikubali kazi hii au niikatae, haitakupa jibu. Huo si uzembe wa wahudumu, kwani sheria yenyewe imeliacha swali hilo kwa baraza la ajira, yaani mahakama ya migogoro ya kazi, ambalo huangalia kila kesi kivyake. Ukiwapigia ukitaka hukumu utakata simu umekasirika, lakini ukiwa na maswali yaliyopangika utapata karibu kila unachohitaji ili uamue mwenyewe.

Tovuti

Anza na tovuti kabla ya simu. Kuna mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya mfanyakazi anayepunguzwa, na mwingine kwa ajili ya mwajiri anayepunguza. Watu husoma wa kwanza na kuuacha wa pili. Kama una muda wa mmoja tu, soma wa mwajiri. Humo ndimo utakapoona ofisi ya utumishi inaambiwa ifanye nini: itafute nafasi katika kampuni nzima na si katika idara yako tu, iangalie pia kampuni zinazohusiana nayo, ieleze kazi mpya inatofautiana vipi na ya zamani, na impe mfanyakazi muda wa majaribio. Ukishajua wanachotakiwa kufanya, kikao cha mashauriano hubadilika sura. Badala ya kuuliza "mna kazi nyingine?", unaomba orodha ya nafasi zote zilizo wazi pamoja na maelezo ya kazi ya kila moja, na unaandika tarehe uliyoomba.

Lugha ya tovuti ni nyepesi kwa kiwango cha maandishi ya serikali. Kurasa ni fupi na mambo hayajafichwa ndani ya vifungu. Kasoro yake ni kwamba wepesi huo huficha makali ya sheria. Mfano ni ushauri wa kutaka ofa kwa maandishi. Ni ushauri mzuri, ila usiugeuze ukadhani ofa ya mdomo haina nguvu. Sheria ya Haki za Ajira ya 1996, kifungu cha 141, inasema wazi kwamba ofa ni ofa iwe imeandikwa au haikuandikwa. Meneja akikuambia kwenye korido kwamba kuna nafasi ya kusimamia zamu ya usiku kuanzia Jumatatu kwa mshahara uleule, na wewe ukacheka ukaondoka, huenda tayari umeshakataa kitu. Jibu siku hiyohiyo kwa barua pepe: umesikia, unaomba maelezo kamili ya kazi, saa, mshahara na mahali, na hujakataa wala kukubali mpaka uyaone.

Ili ofa iweze kuhatarisha malipo yako ya kisheria, lazima iwe imetolewa kabla mkataba wa zamani haujaisha, na kazi mpya ianze papo hapo au ndani ya wiki 4 tangu mkataba huo uishe. Ikitoka kwa kampuni inayohusiana na mwajiri wako inahesabika vilevile, hata kama jina kwenye karatasi ya mshahara litakuwa jingine. Mkataba ukiisha Ijumaa, Jumamosi au Jumapili, wiki hizo 4 huhesabiwa kama vile umeisha Jumatatu inayofuata. Ofa iliyokuja baada ya mkataba kuisha ni habari tofauti kabisa: unaweza kuikataa bila kupoteza malipo.

Simu

Namba ni 0300 123 1100, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Anayepokea si wakili wako. Atakueleza sheria inasemaje na una njia zipi, lakini hatakupa ushauri wa kisheria juu ya kesi yako na hatakuandikia barua. Kwa hiyo ubora wa simu hii unategemea sana umejiandaaje. Kabla ya kupiga weka mbele yako tarehe uliyoanza kazi, tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye notisi, mshahara wako wa wiki kabla ya makato, maelezo ya kazi ya zamani na ya mpya, na tarehe uliyopewa ofa. Bila hivyo mazungumzo yote yatabaki juu juu.

Swali baya ni "kazi hii inanifaa?" Utasomewa vigezo ambavyo ungeweza kuvisoma mwenyewe kwenye tovuti. Maswali yanayozaa matunda ni haya: muda wangu wa majaribio unaanza na kuisha tarehe gani hasa? Nikiondoka katikati ya majaribio, niandike nini na nimpe nani? Nikiwa likizo ya ugonjwa wiki mbili za mwanzo, wiki hizo zinarudishwa? (Hazirudishwi, na sababu iko mbele kidogo.) Mwajiri ameniambia notisi yangu inaendelea huku nikiwa tayari kwenye kazi mpya, je, mkataba wa zamani umeisha au bado? Hili la mwisho ni swali ambalo hata maofisa utumishi huteleza, maana ndilo linaloonyesha saa ilianza kuhesabu lini.

Andika jina la mhudumu na muda uliopiga, ila usiende kwa mwajiri ukitamba kwamba "Acas wamesema". Mwajiri anajua kwamba maelezo ya simu hayamfungi, na wewe utaonekana huna hoja nyingine. Taja kifungu cha sheria au ukurasa wa mwongozo.

Pale Acas inapokuachia mwenyewe

Kiini cha suala zima ni hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Kwanza, je, kazi iliyotolewa ni mbadala unaofaa? Pili, hata kama inafaa, je, kuikataa kwako kuna sababu za msingi? Hatua ya kwanza hupimwa kwa jicho la mtu wa nje: mshahara, saa, ujuzi unaotakiwa, hadhi ya cheo na mahali pa kazi. Hatua ya pili hupimwa kwa kuangalia maisha yako wewe. Malipo hupotea tu kazi ikiwa inafaa NA kukataa kukawa hakuna sababu za maana. Mwajiri ndiye anayepaswa kuyathibitisha yote mawili, si wewe.

Mshahara kubaki uleule hakutoshi. Katika shauri la 1969 lililoihusu Halmashauri ya Kaunti ya Kent, mwalimu mkuu ambaye shule yake iliunganishwa na nyingine alipewa kazi katika kundi la walimu wa kuzungushwa shule hadi shule, kwa mshahara wake wa zamani. Mahakama iliona hiyo haikuwa kazi inayofaa, kwa sababu ya hadhi iliyoshuka. Na katika rufaa iliyoripotiwa 1993, msimamizi wa bucha aliyepewa kuongoza kitengo cha nyama ndani ya supamaketi alionekana kuwa na haki ya kukataa, kwa kuwa kwa macho yake ilikuwa kushushwa cheo, hata kama kazi yenyewe ingeweza kuitwa inayofaa. Mashauri haya mawili ni ya zamani lakini ndiyo bado yanayoonyesha mpaka uko wapi. Msimamizi wa duka zima hageuki kuwa msimamizi wa kona ya duka kwa sababu tu namba kwenye karatasi ya mshahara haijasogea.

Upande wa pili, kuna sababu ambazo huanguka mapema. "Nimeshachoka na kampuni hii" haisimami. "Sipendi meneja mpya" haisimami bila kitu kilichowahi kuandikwa. Hatari kuliko zote ni kukataa kwa sababu umeshazipigia hesabu fedha za kuondokea. Baraza huuliza sababu yako ilikuwa ipi wakati unakataa, na barua pepe uliyomwandikia mwenzako kwamba unasubiri tu malipo inaweza kuletwa mezani.

Barua ya kukataa inayosimama huwa na vitu vinavyopimika. Usiandike kwamba kazi ni mbali. Andika kwamba safari ya sasa ni dakika 25 kwa basi moja, na mpya ni saa 1 na dakika 20 kwa treni na basi, kwamba nauli ya mwezi inapanda kwa kiasi fulani, na kwamba zamu inaisha saa 4 usiku wakati basi la mwisho limeshaondoka. Kama una mtoto wa kuchukuliwa shuleni, taja saa ya shule kufungwa na saa ya zamu kuisha. Kama ni afya, ambatanisha barua ya daktari. Sema pia kwamba umeisoma kazi kwa makini, umeuliza maswali, na majibu uliyopata ni haya. Mwajiri akikujibu kwa kurekebisha jambo, kwa mfano akasogeza zamu au akaahidi kulipia nauli ya ziada kwa muda, ofa imebadilika na inabidi uipime upya. Wengi hupuuza ofa iliyorekebishwa kwa kudhani walishakataa ya kwanza na mambo yakaisha.

Mhudumu wa Acas atakutajia vigezo vyote hivi bila shida. Asichofanya ni kuvipanga juu ya kazi yako na kukuambia mizani inaelemea wapi. Kwa hilo unahitaji chama cha wafanyakazi, Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure) au wakili.

Majaribio ya wiki 4

Hapa Acas inapata alama zake za juu, kwa sababu majaribio ni suala la kalenda na kalenda haina maoni. Masharti ya kazi mpya yakitofautiana na ya zamani, una wiki 4 za kuijaribu. Ukiondoka ndani ya wiki hizo, sheria inakuhesabu kama uliyeachishwa siku mkataba wa zamani ulipoisha, kwa sababu ileile ya kupunguzwa. Mwajiri naye akiona huiwezi kwa sababu zinazotokana na mabadiliko hayo na akakuachisha, bado unahesabika umepunguzwa. Ukibaki hata siku moja zaidi, umeikubali kazi: miaka yako ya utumishi inaendelea bila kukatika, lakini malipo ya kupunguzwa hayapo tena.

Chukua mfano. Mkataba wa zamani unaisha Ijumaa, 27 Februari 2026, na unaanza kazi mpya Jumatatu, 2 Machi. Siku ya mwisho ya majaribio ni Jumapili, 29 Machi. Ukiandika Jumatatu, 30 Machi, umechelewa. Watu hupoteza haki yao hapa hasa, kwa sababu mwezi unaonekana haujaisha, au kwa sababu wanahesabu siku walizofanya kazi. Wiki hizi ni za kalenda. Kuna kesi iliyofika Mahakama ya Rufaa katika miaka ya 1980 ambapo kiwanda kilifungwa kwa Krismasi katikati ya majaribio. Siku za kufungwa zilihesabiwa, mfanyakazi akawa amechelewa, akakosa malipo. Likizo yako, ugonjwa wako na mafunzo ya wiki ya kwanza, vyote vimo ndani ya zile wiki 4. Kwa sababu hiyohiyo, kauli ya meneja kwamba "tutakupa miezi mitatu ujaribu" ni ya kuchunga sana. Anaweza kuwa na nia njema kabisa, na huenda hata baadaye ukamdai kwa msingi wa makubaliano hayo, lakini kinga ya kisheria ya malipo hairefuki kwa maneno.

Kurefusha kunawezekana kwa sababu moja tu, nayo ni kufundishwa kazi mpya. Makubaliano lazima yawe ya maandishi, yafanywe kabla hujaanza kazi mpya, yataje tarehe mafunzo yatakapoisha, na yaeleze masharti ya kazi baada ya tarehe hiyo. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, umebaki na wiki 4. Kama kazi mpya inatumia mashine au programu usiyoijua, omba makubaliano haya wakati wa notisi, mapema, maana ukishakalia kiti kipya mlango huo umefungwa.

Katika wiki zenyewe weka kumbukumbu ya kila siku: saa ulizofanya dhidi ya ulizoahidiwa, kazi ulizopewa ambazo hazimo kwenye maelezo, muda wa safari, ulichoomba kufundishwa na ulichofundishwa. Wiki ya tatu, si ya nne, omba kikao na meneja na useme linalokusumbua. Kama hakuna kinachorekebishika, toa notisi kwa barua pepe kabla ya siku ya mwisho, ukisema wazi kwamba unaondoka ndani ya kipindi cha majaribio, kwamba kazi haikufai kwa sababu hizi, na kwamba unadai malipo yako ya kupunguzwa. Barua ya kujiuzulu ya mstari mmoja, "nimeamua kuacha kazi, asanteni", ni zawadi kwa mwajiri. Na kumbuka kwamba majaribio hayafuti ule mtihani wa hatua mbili: ukiondoka kwenye kazi inayofaa bila sababu za maana, malipo yanaweza kukataliwa vilevile.

Kikokotoo

Hesabu ya malipo yenyewe haiko Acas bali kwenye kikokotoo cha GOV.UK, tovuti ya serikali, na ni vizuri kuipata kabla ya kuamua lolote, kwani huwezi kupima ofa bila kujua unachoacha. Kanuni ni rahisi kiasi cha kufanya kwa mkono. Lazima uwe mwajiriwa na uwe umetimiza miaka 2 kwa mwajiri huyo. Kila mwaka kamili uliofanya kazi ukiwa chini ya miaka 22 ni nusu ya mshahara wa wiki. Kuanzia 22 hadi chini ya 41 ni wiki 1. Kuanzia 41 ni wiki 1 na nusu. Huhesabiwa miaka 20 ya karibuni tu. Mshahara wa wiki una kikomo kinachobadilishwa kila Aprili: kwa mikataba iliyoisha kati ya 6 Aprili 2025 na 5 Aprili 2026, kikomo ni pauni 719. Mtu aliyetimiza miaka 45, mwenye miaka 10 kazini na mshahara wa pauni 600 kwa wiki, ana miaka 4 ya wiki 1 na nusu na miaka 6 ya wiki 1, jumla wiki 12, yaani pauni 7,200. Pauni 30,000 za mwanzo za malipo ya kupunguzwa hazikatwi kodi, lakini malipo ya notisi na ya siku za likizo ambazo hukuzitumia hukatwa kama mshahara wa kawaida.

Udhaifu wa kikokotoo ni kwamba kinajua sheria tu, hakijui mkataba wako. Kampuni nyingi zina mpango wao unaozidi kima cha sheria, na mpango huo unaweza kuwa na sharti lake juu ya anayekataa kazi mbadala, pengine kali kuliko la sheria. Utafute kwenye kitabu cha wafanyakazi. Na kama hujatimiza miaka 2, hakuna malipo ya kisheria ya kupoteza. Pima kazi mpya kama kazi, basi.

Usuluhishi wa mapema

Ukinyimwa malipo, unarudi Acas kwa mlango mwingine. Tangu Mei 2014 huwezi kufungua shauri kwenye baraza la ajira bila kwanza kuwajulisha wao na kupata cheti chenye namba. Fomu hujazwa kwenye intaneti kwa muda mfupi. Inapoharibika ni kwenye jina la mwajiri. Jina lililo juu ya mlango wa duka si lazima liwe jina la kampuni iliyokuajiri, na aliyehamishiwa kampuni dada kwa majaribio ana majina mawili ya kuangalia. Tumia lile lililoko kwenye karatasi ya mshahara na mkataba, na kama mwajiri wa pili naye anahusika, mwombee cheti chake.

Msuluhishi hupeleka maneno huku na huku kwa simu. Hasemi nani ana haki, na hawezi kumlazimisha mwajiri aongee. Akikataa, unapewa cheti na unaendelea. Mkifikia makubaliano yanaandikwa kwenye fomu iitwayo COT3, ambayo inafunga pande zote na haihitaji uwe na wakili, tofauti na mkataba wa maridhiano wa kawaida ambao bila mshauri huru hauna nguvu. Hilo peke yake linaokoa gharama. Ila soma COT3 kwa makini kabla ya kusema "nakubali" kwa simu, kwani neno hilo linaweza kukufunga kabla hujatia saini. Angalia hasa kama unafuta madai yote au hili moja tu.

Tarehe ni zako za kulinda, msuluhishi hazilindi. Dai la malipo ya kupunguzwa lina miezi 6. Dai la kuachishwa isivyo haki limekuwa na miezi 3 kasoro siku 1, na Sheria ya Haki za Ajira ya 2025 inalisogeza hadi miezi 6, kwa hiyo hakikisha ni kikomo kipi kinakuhusu kwa tarehe yako. Mtu mwenye madai yote mawili afuate kikomo kifupi. Kufungua shauri hakuna ada tangu Mahakama ya Juu ilipozifuta mwaka 2017.

Yasiyo yao, na wa kuwauliza badala yao

Pengo kubwa kwa wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Uingereza ni viza. Anayefanya kazi kwa viza ya kudhaminiwa hawezi kuamka tu na kuanza kazi mpya, hata kwa mwajiri yuleyule. Kazi mpya ikiwa na namba tofauti ya aina ya kazi, lazima mwajiri atoe cheti kipya cha udhamini na wewe uombe viza irekebishwe kabla ya kuanza. Mhudumu wa kawaida wa matunzo yuko kwenye namba 6135, mhudumu mwandamizi 6136. Kupanda au kushuka ngazi ndani ya nyumba ileile ya wazee kunaweza kuwa kubadili namba. Sasa liweke hilo juu ya sharti la kuanza ndani ya wiki 4 na utaona ugumu wake. Acas haishughuliki na uhamiaji. Ushauri wa viza hutolewa kihalali na mawakili au washauri waliosajiliwa na Immigration Advice Authority, na mjuzi wa mtaani asiyesajiliwa anavunja sheria hata kama hakutozi.

Kwa wajawazito na wazazi wapya, kinyume chake, Acas inafaa sana. Tangu 6 Aprili 2024 kinga inaanza siku unapomjulisha mwajiri kuhusu ujauzito na, ukishachukua likizo ya uzazi, inaendelea hadi miezi 18 baada ya mtoto kuzaliwa. Katika kipindi hicho, nafasi inayofaa ikiwapo ni lazima upewe wewe kabla ya wenzako wanaopunguzwa, bila kushindanishwa kwa usaili. Waajiri wengi bado wanaitisha usaili kwa mazoea. Tovuti inalieleza hili vizuri. Chapisha ukurasa uende nao kikaoni.

Chama cha wafanyakazi, kama ulikuwa mwanachama kabla ya tatizo kuanza, ndicho bora kwa hatua ya kuamua, kwa sababu mwakilishi anaijua kampuni na ameona ofa walizopewa wengine. Citizens Advice husaidia kuandika barua bila malipo, lakini nafasi za miadi hutegemea eneo, kwa hiyo watafute siku ya notisi na si wiki ya tatu ya majaribio. Wakili wa makubaliano ya kulipwa ukishinda haruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 35 ya utakachopata kwenye baraza la ajira, kodi ikiwemo. Kwa dai la pauni elfu chache wengi wao hawatalichukua. Kabla ya kumtafuta, fungua hati ya bima ya nyumba yako. Bima nyingi zina kipengele cha gharama za kisheria kinachogusa pia migogoro ya kazi, na kwa kawaida kampuni ya bima inataka iarifiwe kabla hujamlipa wakili yeyote.